Matroni na Bakuli la Pili

Siku Radek alipopelekwa nyumbani kwa kina Dasom kwa mara ya kwanza, mama mwenye nyumba alimtazama kuanzia utosini mpaka kwenye soksi, akapandisha macho, akayashusha tena, kisha akatoa hukumu.

"Mnene."

Alilisema neno hilo bila ubaya wowote, kama mtu anayesema nje kuna mvua. Bibi, mama wa marehemu mumewe, alikuwa amekaa barazani akimenya matunda ya persimoni ya kuanika. Naye akainua kichwa, ili ushahidi usitegemee mtu mmoja.

"Dasom, si ulisema unaleta mchumba?" aliuliza. "Mbona wamekuja wawili?"

Radek alikuwa Mcheki, fundi wa kusawazisha sauti za piano, na huo ulikuwa mwaka wake wa nne akizunguka shule na makanisa ya Jeolla Kusini, nchini Korea, na mkoba wake wa spana. Lugha ya wenyeji aliijua barabara, na hapo ndipo msiba ulipokuwa: alielewa kila neno. Akainama mpaka kiuno kama ilivyompasa, akakabidhi sanduku la tufaha kwa mikono miwili, akaingia ndani akiwa amelivuta tumbo kadiri pumzi ilivyomruhusu.

Dasom alikuwa amemwandaa kwa mambo mengi kasoro hilo. Kwenye basi la kutoka Gwangju, ambako alifanya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa, alimweka sawa kama mwalimu anayempeleka mwanafunzi mbele ya bodi.

"Sikiliza. Mama hasemi ndiyo. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akisema ndiyo. Lakini pale uani kuna kuku mmoja anayetaga. Mkwe akikubaliwa, mama mkwe humchinjia kuku wake anayetaga. Ukimwona yule kuku chunguni, umeoa."

"Na nikimwona anatembea?"

"Basi bado hujaoa. Na mimi sitatoroka, Radek. Mama amenilea peke yake kwa kuuza supu ya konokono. Asipotaka, sitaki."

Kwa hiyo kitu cha kwanza Radek alichokitafuta kwa macho alipoketi sakafuni mbele ya meza ndogo hakikuwa chakula. Kilikuwa dirisha la uani. Kuku alikuwepo: mwekundu, mnene kuliko hata yeye, akipita kati ya mitungi ya kimchi, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa, kwa mwendo wa kukagua. Dasom, aliyesoma shule ya bweni, alikuwa amempa jina la Matroni, maana alitembea vilevile kama matroni wao alivyopita kati ya vitanda akitafuta biskuti chini ya mito.

Meza ikaja imejaa. Supu ya konokono wa mtoni, rangi ya kijani kibichi, samaki wa kuchoma, tofu, figili, machipukizi ya maharage kwa mafuta ya ufuta, majani mapana ya kufungia wali, kimchi mpya na kimchi ya mwaka jana zikitazamana. Na bakuli la wali lililokuwa na kilima juu yake.

Hapa inafaa msomaji ajue kwamba suala la chakula cha watu hawa lilikuwa limemsumbua Radek kwa muda mrefu, kama vile masuala ya nyota yanavyowasumbua watu wengine. Wakorea walikula. Walisalimiana kwa kuulizana kama wamekula. Waliagana kwa simu wakiahidiana kula. Wakiwa katikati ya chakula cha mchana, midomo imejaa, walijadili kwa uchungu mkubwa watakula nini jioni. Na baada ya yote hayo walisimama, wakapangusa midomo, wakaondoka na viuno vyembamba kama hakuna lililotokea. Mwenye nyumba wake wa kwanza, mwanamke ambaye hata akivaa koti la baridi na funguo zote mfukoni upepo ungeweza kumchukua, alijishika ubavu kila asubuhi na kulalamika kwamba amekuwa nguruwe. Radek yeye alifika nchini akiufunga mkanda kwenye tundu la tatu. Sasa alitumia tundu alilolitoboa mwenyewe kwa msumari.

Akala bakuli lake lote, kwa sababu bibi yake huko Moravia alimfundisha kwamba kubakiza chakula ni kuwatukana marehemu. Mama Dasom, ambaye hakuwa amekaa hata dakika mbili, akanyoosha mkono palepale kulichukua bakuli.

"Nikuongeze."

Neno lile la mlangoni likamrudia Radek masikioni. Akatabasamu kama mtu mwenye nidhamu.

"Hapana, mama. Nimeshiba."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba kabisa."

Mama Dasom alilitazama bakuli, akamtazama binti yake, akalitazama tena bakuli. Kisha akaliondoa. Radek akajipongeza moyoni. Ameona, alijisemea. Ameona mtu anayejizuia.

Wakiwa wanarudi, Dasom alimwambia, "Ungekula tu."

"Baada ya kuniita mnene?"

"Hiyo ni salamu, Radek. Hata mimi Mama huniambia nimekonda, nimenenepa, ngozi imefifia, yote kabla sijavua viatu."

Radek aliitikia kwa kichwa, lakini hakuamini. Alimpenda sana Dasom, na aliona wazi kwamba anamfariji.

*

Ukitaka kujua kukimbia unamwendea anayeshinda mbio. Jumapili iliyofuata, Dasom akiwa zamu hospitalini, Radek alikuja peke yake kusaidia kupanda ngazi na kuchuma persimoni, na kazi ilipokwisha akaenda kukaa karibu na Bibi barazani. Bibi alikuwa na umri wa miaka themanini na minne na mwili wa sindano ya kufumia. Matroni alikuwa amejilaza kwenye mkunjo wa sketi yake, macho nusu, akikunwa shingo.

"Bibi," Radek alisema kwa unyenyekevu, "nakuomba siri."

"Siri ya nini?"

"Ya kutonenepa. Nyie mnakula, nami nakula. Mbona kinachoonekana ni changu tu?"

Bibi akaacha kumkuna kuku. Alimtazama Radek kwa muda, kisha akamtazama Matroni, kisha akatazama milima ya Jiri kwa mbali, kama mtu anayeomba ruhusa ya mababu.

"Mama Dasom akisikia nimekwambia, nitalala nje," alisema.

"Sitasema, Bibi."

"Ni siri ya ukoo."

"Nitakufa nayo."

"Usife, utampa Dasom kazi. Sasa sikia. Kwanza, kuja kwako. Unapanda basi mpaka mlangoni kama mzigo. Shuka kule kwenye daraja, pita njia ya mlimani. Sisi sote tulikuwa tunapita huko."

Kwa hilo Bibi alikuwa mkweli, ingawa alisahau kutaja kwamba walipita huko kwa sababu daraja lilikuwa halijajengwa.

"Ukifika mezani, anza na supu. Kunywa mpaka uonane na chini ya bakuli. Kisha majani. Kula majani, meza imejaa majani, nani anakuzuia? Wali utautazama kwa heshima. Ule bakuli moja, basi. Mama Dasom akitaka kukuongeza, unafunika bakuli hivi, kwa mikono miwili, unasema nimeshiba mpaka kooni. Akirudia, na wewe rudia. Ukikubali bakuli la pili, kijana wangu, basi tena. Huyu hapa," na akampapasa Matroni mgongoni, "ni shahidi yangu."

Radek alishukuru mpaka paji la uso likakaribia mbao za baraza. Aliona fahari kwamba ameaminiwa siri ya ukoo kabla hata ya kuingia katika ukoo wenyewe.

Akaitii siri hiyo kama askari. Kila Jumapili alishuka darajani, akapita mlimani akitweta, na njiani akapitwa na kina mama wa mji wakitembea kinyumenyume huku wakipiga makofi kwa afya. Wakamshangilia. Mmoja wao, Mama Hyeonu, jirani wa ukuta mmoja na kina Dasom, alimpigia kelele toka juu ya mwamba: "Mkwe wa watu, vuta tumbo! Usituangukie!" Alifika akiwa amelowa jasho, akanywa supu, akala majani kiasi cha kumtosha mbuzi, na mkono wa Mama Dasom uliponyooka akafunika bakuli.

"Nimeshiba mpaka kooni, mama."

"Kidogo tu."

"Mpaka kooni."

Upande wa pili wa meza Bibi, sindano ile, alikuwa kwenye bakuli lake la pili. Baada ya hapo alikula kiazi kitamu, na baada ya kiazi akanywa maji ya ukoko, na Radek aliapa kwamba alimwona akiingiza kipande cha mkate wa mchele ndani ya mkono wa sweta. Alipomuuliza baadaye, Bibi alimjibu bila kupepesa.

"Mimi nimeshahitimu. Wewe bado uko darasani."

Kila asubuhi, kabla watu hawajaamka vizuri, Bibi alikula pia yai moja, la moto moto, lililotoka kwa Matroni wakati huohuo. Hilo Radek alilisikia kwa Dasom lakini hakulitia maanani. Kila mtu ana yai lake.

Mkanda ukarudi tundu la tatu. Radek akaanza kuona kwamba mambo yanakwenda vizuri, maana Mama Dasom aliacha kumsumbua. Samaki, ambaye zamani aliwekwa mbele yake, sasa aliwekwa katikati, halafu ng'ambo. Hakulazimishwa tena kitu. Na Jumapili moja mwanzoni mwa baridi akawekewa bakuli dogo jeupe lenye mfuniko na ua la buluu, tofauti na mabakuli ya chuma ya watu wengine wote. Radek alilipokea kwa furaha. Wali wake ulikuwa robo ya ule wa siku ya kwanza. Hatimaye, aliwaza, mama amenielewa.

Dasom aliliona bakuli lile akangoja mpaka walipotoka nje ya geti.

"Umeona amekupa nini?"

"Bakuli zuri. Dogo."

"Bakuli la mgeni!" Dasom alisimama katikati ya barabara. "Lile hutolewa akija mtu wa serikali kuhesabu kaya! Akija mtu wa bima! Mimi sijawahi kulitumia maishani mwangu, hata nilipokuwa na surua!"

"Lakini nilidhani anapenda ninavyokonda."

"Nani alikwambia anataka ukonde?"

Radek akafungua mdomo, akaikumbuka siri ya ukoo, akaufunga. Kwa kitendo hicho cha kishujaa alikaribia kupoteza mchumba.

Dasom alipunguza sauti, na hapo Radek akaogopa zaidi. "Jana Mama kaniambia hivi: 'Bakuli la kwanza mtu hula kwa adabu. La pili hula kwa kuwa yuko kwao. Huyu wako nimemngoja na mwiko mkononi toka persimoni zilipoiva. Mtu asiyeweza kula kwangu, siku nikizeeka ataniangaliaje?' Siku ya kutia mitungini kimchi ya baridi atanipa jibu lake. Na jibu lenyewe nimeshaliona machoni pake, Radek. Matroni yule atakufa kwa uzee."

Ndani ya basi Radek alitazama dirishani akijaribu kukumbuka mara zote mkono ule ulivyonyooka, na mara zote alivyofunika bakuli kama mtu anayeficha mtihani.

*

Siku ya kutia kimchi kabichi zilikuwa zimeshalazwa kwenye chumvi, zimelegea, zimekaa uani kwa vilima. Mama Dasom, aliyevaa suruali ya maua na fulana mbili, aliketi mbele ya karai la pilipili kama jemadari. Mama Hyeonu alikuwepo, Dasom alikuwepo, na Bibi alikuwepo kwenye kigoda akitoa maagizo ambayo hakuna aliyeyafuata. Radek alifika kwa njia ya mlimani, kwa mazoea tu, akiwa ameshinda na njaa kwa sababu hofu ilikuwa imemzuia kunywa hata chai.

"Umekuja," Mama Dasom alisema. Hakuongeza unene wala wembamba. Radek hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angeukosa ule unene.

Akabeba kabichi. Akazisuuza kwenye maji yaliyomfanya asijue vidole vyake viko wapi, akazikamua, akazipanga, akabeba nyingine. Kisha akapewa glavu nyekundu za mpira na kuketishwa kupaka pilipili, jani baada ya jani, kuanzia la ndani kabisa. Alifanya hivyo kwa uangalifu uleule aliotumia kwenye nyuzi za piano. Mama Dasom alimtazama mara mbili kwa pembe ya jicho.

"Taratibu hivyo tutamaliza Pasaka," Mama Hyeonu alisema.

"Muache," alisema Mama Dasom. "Anapaka vizuri."

Jikoni nyama ya nguruwe ilikuwa inachemka na tangawizi. Ilipotolewa na kukatwa, ikafukiza mvuke uani kote, na tumbo la Radek likatoa sauti ambayo hata Matroni aligeuka kuitazama.

Siku hiyo watu hawali mezani. Mikono yote ina pilipili, kwa hiyo mwenye nyumba huchukua jani la katikati ya kabichi, lile la manjano, akafungia ndani kipande cha nyama na kimchi mbichi na chaza mmoja, na kumtia kila mtu mdomoni. Mama Dasom alimlisha Mama Hyeonu. Alimlisha Bibi. Alimlisha Dasom, akampangusa na kidevu. Kisha akafunga lingine, kubwa, akageuka, akakutana na uso wa Radek. Mkono ukasita hewani.

Bibi akakohoa. Kilikuwa kikohozi chenye maana, kirefu, cha mtu anayemkumbusha mwenzake kiapo.

Radek aliinua mikono afunike kama alivyozoea, akaiona. Ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, inachuruzika. Hakuwa na cha kufunikia. Hakuwa hata na bakuli. Na njia nzima ya mlimani ya miezi miwili, na supu zote, na majani yote ya mbuzi, vilimjia kwa pamoja kooni, palepale ambapo siku zote alidai kwamba ameshiba.

Akafungua mdomo.

Mama Dasom akalitumbukiza jani lote. Radek alitafuna macho yamefumba, machozi yakimtoka, nusu pilipili, nusu mambo mengine.

"Lingine?" Mama Dasom aliuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, ya mtu aliyekwisha kukatazwa mara nyingi.

"Lingine. Na mama," alimeza, "kuna wali?"

Dasom aliacha kupaka. Mama Dasom akainuka, akaingia jikoni, na alipotoka alishika bakuli la chuma, lile la watu wote, na kilima kile cha siku ya kwanza. Akamvua Radek glavu kwa mikono yake mwenyewe, kama anavyovuliwa mtoto. Radek alikula. Bakuli likaisha, na yeye mwenyewe akalinyoosha mbele.

"Niongeze, mama."

Alipomaliza la pili akalinyoosha tena. Mama Hyeonu alisahau kufunga mdomo wake. Hakuna aliyemtazama Bibi.

"Kumbe mtu ana njaa!" Mama Dasom aligeukia binti yake kwa hasira iliyojaa raha. "Miezi yote hii ana njaa na hasemi! Nchi yao ina watu wa namna gani?" Kisha akajipangusa mikono kwenye suruali ya maua, akachukua kisu kirefu cha kabichi, akaenda moja kwa moja nyuma, kwenye banda.

Dasom alimshika Radek mkono. Aliufinya tu.

"Yuko wapi?" sauti ya Mama Dasom ilitoka nyuma. "Matroni! Nani kamfungulia? Mama, umemwona kuku?"

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, ametulia kama picha ya mtakatifu. "Kuku?" alisema. "Kuku gani?"

"Tuna wangapi?"

"Ameondoka. Nilimwona anakwenda zake mtoni. Alionekana ana safari."

Wote wakatawanyika kutafuta, isipokuwa Radek. Radek alikuwa na masikio ya kazi yake, na kwenye safu ya mitungi mikubwa ya ukutani, ndani ya ule uliofunikwa ungo, alikuwa amesikia sauti. Ilikuwa sauti ya chini, ya kulalamika, na mtungi uliikuza vizuri sana. Aliifahamu. Alikuwa ameisikia kila Jumapili kwenye mkunjo wa sketi.

Akageuka, akakutana na macho ya Bibi. Ndipo mambo yote yakajipanga, noti moja baada ya nyingine: njia ya mlimani, mikono miwili juu ya bakuli, ukikubali la pili basi tena. Huyu hapa ni shahidi yangu. Bibi hakuwa akilinda kiuno cha mtu yeyote.

Radek angeweza kunyoosha kidole. Ile ndiyo aliyoingoja ilikuwa imekaa mle mtungini, na manyoya yake, na kisu kilikuwa kimeshanolewa. Bibi alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Radek amfahamu uso wake haukuwa na mzaha hata chembe. Ulikuwa uso wa mtu wa miaka themanini na minne ambaye hana rafiki mwingine anayeamka mapema kama yeye.

Mama Dasom alikuwa anarudi. Mtungini Matroni akalalamika tena, kwa nguvu zaidi.

Radek akachukua karai tupu, akaligeuza, akaanza kulipiga kwa mwiko na kuimba kwa sauti ileile ya kuku, wimbo wa kwao usio na maneno.

"Huyu naye vipi?" aliuliza Mama Dasom.

"Ameshiba," Bibi alisema haraka. "Kwao wakishiba huimba."

Mama Dasom alisimama. Alimtazama Radek, akamtazama mama mkwe wake, akautazama mtungi wenye ungo. Alikuwa ameishi na yule bibi kwa miaka thelathini. Akaenda akafunua ungo. Matroni alichomoza kichwa, akawakagua wote, na haikuonekana kwamba ameridhika.

"Mama," Mama Dasom alisema polepole. "Kijana huyu nani alimfundisha kufunika bakuli?"

Bibi akaanza kuirekebisha sketi yake.

"Kwa mikono miwili? Mpaka kooni? Hayo si maneno ya Mzungu. Hayo ni maneno yako ya kumfukuza mtu wa bima."

Bibi akatazama milima ya Jiri. Mababu hawakumsaidia.

"Ni yai langu la asubuhi," alisema mwishowe. "Ukimchinja nitakula nini? Mkwe mwingine anaweza kupatikana. Kuku kama huyu?"

"Umenishindishia mtoto na njaa miezi miwili kwa ajili ya yai!"

"Mimi nilimpa majani. Majani ni mazuri. Ona, amependeza."

Wa kwanza kucheka alikuwa Dasom, akafuatia Mama Hyeonu, ambaye ilibidi akae juu ya kabichi. Mama Dasom alijitahidi kukasirika, kisu mkononi, lakini mabega yalikuwa yameshaanza kumtikisika.

"Lazima nimchinje," alisema akijikaza. "Watu watasema nini? Mkwe hakuchinjiwa kuku!"

Mkwe. Alikuwa ameshalisema, na hakujua kwamba amelisema. Radek alilisikia, na lilikuwa na sauti safi kuliko chochote alichowahi kukisawazisha.

"Mama," alisema, "muache Matroni. Nipe bakuli jingine, inatosha."

"La nne?"

"La nne."

Mama Dasom akaenda jikoni. Alipolileta bakuli, wali ukiwa unafuka moshi, Bibi alikuwa ameshainuka kwenye kigoda. Aliinama mtungini mpaka mabega yakapotea, akapapasa, akatoka na yai moja la joto. Aliligeuza mkononi. Ilionekana kwamba ndani yake kuna mjadala mkali. Hatimaye akaligonga kwenye ukingo wa bakuli la Radek, akalimwaga juu ya wali, akanyunyiza mafuta ya ufuta.

"Leo tu," alisema. "Kesho jitafutie."

Jua lilipoanza kupungua mitungi ilikuwa imejaa na Mama Hyeonu alikuwa anaondoka, amebeba fungu lake la kimchi. Alipita mbele ya Radek, aliyeegemea nguzo ya baraza akiwa hawezi kuinama, mkanda umefunguliwa kabisa, na Matroni akidonoa punje za wali karibu na soksi zake. Alimkagua kutoka juu mpaka chini.

"Mama Dasom," alisema getini, "mkweo mbona mnene?"

"Bado," alijibu Mama Dasom kutoka jikoni. "Ndiyo kwanza nimeanza."